Mama Wawili wa Darlenis

Kila siku Eladia Mosquera alikuna nazi nne, na kazi hiyo aliimaliza kabla jua halijatokeza juu ya mlima. Alizipika na sukari guru na mdalasini mpaka zikashikana. Kisha alizimwaga kwenye sinia na kuzikata vipande. Ikifika saa mbili asubuhi alikuwa ameshateremka ngazi zote mia tatu na kumi na mbili za mtaa wa Las Gradas, sinia kichwani, na kusimama mbele ya kituo cha treni huko chini mjini Medellín.

"Kashata! Kashata za nazi! Ukila moja utamsamehe mumeo!"

"Na nikila mbili?" aliuliza mama mmoja.

"Mbili utamfukuza, utaona humhitaji tena."

Watu walicheka na kununua. Wanawake wa mto Atrato hawajui kuuza kimyakimya. Eladia alizaliwa huko mtoni, lakini kwa miaka sita sasa alikuwa akiishi mlimani, katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Aliishi na Darlenis, msichana wa miaka tisa, mwembamba, mwenye meno mawili makubwa ya mbele na maswali mengi.

Darlenis alimwita Eladia mama. Majirani walimwita Eladia mama Darlenis. Hakuna aliyetaka kujua zaidi. Nusu ya watu wa Las Gradas walikimbia vita vya mtoni, na mkimbizi hamhoji mkimbizi mwenzake.

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, Eladia alirudi saa sita mchana akakuta mwanamke mlangoni. Alikuwa kijana, amevaa kizibao cha buluu cha serikali, na jasho lilimtiririka kwa sababu ya zile ngazi. Mkononi alishika faili.

"Wewe ndiye Eladia Mosquera?"

"Inategemea nani anamtafuta."

"Naitwa Lisbeth Arango. Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa familia. Shule imetuandikia barua. Mtoto Darlenis hajaonekana darasani kwa siku kumi na moja."

Eladia aliteremsha sinia taratibu.

"Siku kumi na moja? Kila asubuhi anatoka hapa na begi lake!"

"Anatoka, lakini hafiki."

Waliingia ndani. Eladia hakujua aanze na lipi, kwa hiyo alianza na lile ambalo mikono yake ililizoea. Alimimina kahawa yenye sukari guru kwenye kikombe kizuri, kile chenye maua, akampa mgeni.

"Hapana, asante," alisema Lisbeth. "Haturuhusiwi." Alitazama saa. Alikuwa na nyumba nyingine nne za kutembelea.

Kule mtoni, mgeni akikataa kahawa kuna mambo mawili. Ama anadhani umemtilia kitu, ama amekuja na shari hataki kula chako. Eladia alirudisha kikombe jikoni. Tangu hapo majibu yake yakawa mafupi.

Lisbeth alifungua faili, akatoa fomu na kalamu.

"Wewe ni nani kwa mtoto huyu?"

Eladia aliitazama ile fomu. Alikumbuka siku yake ya kwanza mjini, miaka sita iliyopita, kwenye foleni ya waliokimbia vita. Mbele yake alisimama mwanamke aliyemshika mtoto wa jirani yake. Afisa alimuuliza, "Ni damu yako?" Yule mwanamke, maskini, akasema kweli. Alitoka mlango wa pili akilia, mikono mitupu. Zamu ya Eladia ilipofika, alisema, "Mimi ni shangazi yake." Tangu siku hiyo hakuthubutu kusema jingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Mimi ni shangazi yake," alisema tena.

"Dada wa baba?"

"Ndiyo."

"Baba yake ni Palacios kwa baba na kwa mama. Wewe ni Mosquera. Dada gani huyo?"

Lisbeth aliandika kitu.

"Na mama yake mzazi? Rentería, Nelcy. Yuko wapi?"

Wakati huohuo pazia la mlangoni lilisogea. Darlenis aliingia, begi mgongoni, akijifanya anatoka shule. Aliona kizibao cha buluu akasimama palepale.

Lisbeth hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi. "Nahitaji jibu, mama. Amekufa, au amemtelekeza mtoto?"

Eladia angesema nini? Amekufa? Watu wa mtoni hawamwiti mtu marehemu kabla hawajakaa siku tisa, wakamwimbia nyimbo za kuagana, na siku ya tisa wakavunja madhabahu aliyojengewa nyumbani. Nelcy hakuimbiwa, na mwili wake haukuonekana. Kusema amekufa kungekuwa kumzika kwa mdomo. Na kusema amemtelekeza mtoto kungekuwa kumtukana. Eladia alishikilia ukingo wa meza, asiseme lolote.

"Basi nitaandika kwamba mlezi amekataa kutoa taarifa," alisema Lisbeth. "Jumatatu saa tatu asubuhi mje ofisini, mbele ya mwanasheria wa familia. Yeye ndiye ataamua mtoto akae wapi."

"Akae wapi?" Sauti ya Eladia ilipanda. "Si anakaa hapa?"

"Ni utaratibu, mama." Lisbeth alifunga faili. Alipogeuka ndipo alipomwona mtoto. Alimpita akiinamisha macho, akatoka.

Darlenis alikuwa hajasogea.

"Mama," alisema, "kwani mimi nilitelekezwa?"

Eladia alimvuta kifuani. Alimkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Siku hiyo hakumuuliza lolote kuhusu shule.

Jumatano Eladia aliunguza nazi, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kabla. Akiwa kituoni aliona mtu wa kizibao cha buluu, akashtuka na kumwaga chenji yake yote chini. Ilikuwa nguo ya mfagiaji tu. Usiku aliweka kiti mlangoni. Alijua kabisa kwamba kiti hakimzuii mtu yeyote, lakini alikiweka hivyohivyo. Chakula kilimshinda. Ndizi za kukaanga alizozipenda zilipoa sahani nzima.

Alhamisi alasiri aliamua. Alikuwa na binamu Turbo, huko pwani. Angeondoka Jumamosi na basi la kwanza. Alitoa mfuko mkubwa akaanza kupakia.

"Hodi ya mtu mzima!" Kabla hajajibiwa, Berenice Cuesta alikuwa ameshaingia. Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Kwa miaka ishirini alifanya kazi ya afya vijijini kando ya mto, akibeba chanjo kwa mtumbwi. Sasa alikuwa amestaafu, lakini ulimi wake ulikuwa bado kazini.

Berenice aliutazama mfuko. "Unahama au unafua?"

"Nafua."

"Unafua na sufuria?"

Eladia alikaa kitandani akaanza kulia. Alisimulia yote: siku kumi na moja, kahawa iliyokataliwa, swali lile, Jumatatu.

Berenice alimwacha alie. Kisha alisema, "Sasa nisikilize, komadre. Kazi ya yule msichana si kupora watoto. Kazi yake ni kuhakikisha mtoto yuko salama. Kama kuna shida, atafute msaada."

"Mbona hakuuliza hivyo? Mbona aliuliza kama polisi?"

"Kwa sababu kuuliza bado hajajua. Hilo ni kosa lake, nitampelekea mwenyewe mikononi. Lakini wewe umemwambia uongo kwamba ni shangazi. Hilo ni lako."

"Ningesema kweli wangemchukua."

"Huenda. Nami sikufichi, hata mimi naogopa. Lakini ukikimbia ndiyo hakika. Wakikukuta Turbo hawatauliza wewe ni nani kwa mtoto. Watasema umemwiba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Eladia."

"Nifanye nini basi?"

"Nipe mpaka kesho jioni. Kesho jioni kama hakuna kitu, nitakubebea mfuko mwenyewe mpaka kwenye basi. Na mgongo wangu huu unaujua."

Yaliyotokea ofisini kesho yake asubuhi Eladia aliyasikia baadaye, tena kutoka kwa Lisbeth mwenyewe. Berenice aliingia bila miadi. Mlinzi alimwambia apange foleni. Alimjibu kwamba amepanga foleni tangu kabla mlinzi hajaota ndevu. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Lisbeth.

"Binti, ulipanda ngazi mia tatu kwenda kuuliza swali baya mbele ya mtoto."

"Fomu ndiyo inauliza hivyo, mama."

"Fomu haina macho, wewe unayo. Ulimwona mtoto?"

Lisbeth aliinamisha kichwa. "Nilimwona. Tangu Jumanne namwona hata nikifumba macho. Lakini yule mama hataki kusema. Kila nikiuliza, anajifunga."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe ulimwonyesha nini ili afunguke? Ulikaa? Ulikunywa kahawa yake? Ulimweleza kwa nini umekuja na nini utaandika?"

"Tunakatazwa kupokea zawadi."

"Zawadi ni mbuzi, binti. Kahawa ni salamu. Ukikataa salamu ya mtu, utapataje siri yake?" Kisha Berenice alivuta kiti, na sauti yake ikapoa. "Mtu aliyekimbizwa kwao ameshaulizwa maswali na watu wengi wenye silaha na wengi wenye kalamu. Hao wote anawaona sawa. Nenda polepole. Omba ruhusa. Uliza habari za mtoto kabla ya habari za karatasi. Na kama umekosea, sema umekosea. Hutapungua kimo."

Ijumaa saa tisa alasiri, Eladia alikuwa akikuna nazi za kashata za kuuza safarini. Mfuko ulikuwa tayari chini ya kitanda. Alisikia sauti mlangoni.

"Mama Eladia, ni Lisbeth. Naomba kuingia. Ukisema hapana nitaondoka, nije saa nyingine unayotaka wewe, mradi kabla ya Jumatatu."

Darlenis alikimbilia nyuma ya pazia la chumba cha ndani.

"Pita."

Lisbeth aliingia, akasimama. Safari hii faili lilikuwa ndani ya mkoba.

"Nimekuja kwanza kuomba radhi. Swali lile sikupaswa kuliuliza namna ile, tena mtoto akiwepo. Nililiharakisha kwa sababu nilikuwa na nyumba nyingine za kwenda. Kosa ni langu."

"Ofisi nayo inaomba radhi?" Eladia aliendelea kukuna. "Leo jua limetokea upande gani?"

Lisbeth alipokea bila kujitetea. "Nikusaidie?"

"Unajua kukuna nazi?"

"Sijui."

"Basi keti, usije ukatukunia vidole. Wateja wangu hawapendi nyama."

Lisbeth aliketi. Eladia alimimina kahawa, akaiweka mbele yake, akamtazama kama mwalimu anayesimamia mtihani. Lisbeth alikunywa yote.

"Tamu sana."

"Hiyo ndiyo kahawa. Mnayokunywa huko ofisini ni maji ya kusuuzia sufuria."

Walicheka kidogo, wote wawili. Lakini kicheko kimoja hakiondoi hofu ya miaka sita. Lisbeth alimuuliza Darlenis anapenda nini. Eladia alisema anapenda kuhesabu vigari vya kamba vinavyobeba abiria juu ya mtaa, na samaki wa kukaanga, na kusema uongo mdogomdogo usio na faida. Lisbeth alisikiliza. Hakuandika. Wala hakutazama saa.

Mwishowe Eladia alipangusa mikono, akamkazia macho.

"Nikikwambia kweli yote, unaahidi mtoto atabaki?"

Eladia alisubiri ile "ndiyo" aliyoizoea. Watu wa vizibao walishamwahidi godoro, nyumba, mkopo, hata safari ya kurudi mtoni. Kila mmoja aliahidi huku akitabasamu, na wote hakuwaona tena.

"Siwezi kuahidi," alisema Lisbeth. "Uamuzi si wangu. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Eladia alishangaa.

"Ninayoweza ni haya," Lisbeth aliendelea. "Nitaandika utakachosema, bila kukigeuza. Nitakusomea chote kabla hakijatoka hapa. Usichotaka kiandikwe utaniambia, hakitaandikwa. Lipo moja tu nisiloweza kulificha, mtoto akiwa anaumizwa. Na Jumatatu nitakaa upande wako wa meza."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi kumwambia Eladia jambo lisilompendeza, na kwa sababu hiyo alimwamini.

"Mimi si shangazi yake," alisema. "Sina hata tone la damu yake."

Akasimulia. Darlenis alizaliwa wakati wa mafuriko. Alizaliwa mdogo, hapumui vizuri, na padri alikuwa akija kijijini mara mbili tu kwa mwaka. Kwao mtoto haachwi afe bila jina. Eladia alichota maji, akayamimina kichwani kwa mtoto, akasali, akamwita Darlenis. Mtoto akapiga chafya, akalia, akaishi. Tangu siku ile Eladia akawa mama yake wa maji, na Nelcy akawa komadre wake, mama mwenzake wa mtoto yule.

"Huku mjini wanaitana komadre hata sokoni. Kwetu ni kiapo. Makomadre hawagombani. Mmoja akianguka, mwenzake ananyanyua mtoto. Ni zaidi ya ndugu. Ndugu hukumchagua."

"Na siku mliyokimbia?"

Eladia alitazama mikono yake. "Wenye bunduki walikuja asubuhi. Boti ilikuwa moja, imejaa. Mumewe Nelcy alikuwa shambani. Nelcy akaniwekea mtoto mikononi, ana miaka mitatu. Akasema, 'Komadre, mshike mwanao. Mimi namsubiri Wilmar, nitakuja na boti ya kesho.' Boti ya kesho haikuja. Miaka sita siijui habari yake, wala ya mumewe. Siwezi kusema amekufa, binti. Hatujamwimbia. Wala hakumtelekeza mtoto, Mungu ni shahidi. Alimtia kwenye boti akabaki yeye."

Machozi yalimtoka. Ya Lisbeth nayo yalimlenga. Hakusema kwamba anamwelewa, kwa sababu hakuwahi kuachwa na boti. Hakusema yote yatakuwa sawa. Alikaa naye tu. Baada ya muda alisema, "Mzigo huo mimi siujui uzito wake, mama. Pole sana. Asante kwa kuniambia."

Kisha akauliza, "Sasa naomba kuandika. Unaniruhusu?"

"Andika."

Aliandika kurasa mbili. Alipomaliza alisoma kwa sauti, polepole. Alipofika mahali pa boti alisoma, "Ndipo Eladia Mosquera alipomchukua mtoto."

"Hapana," alisema Eladia. "Sikumchukua. Nilipewa."

Lisbeth alifuta, akaandika upya, akasoma tena. "Ndipo mama mzazi alipomkabidhi mtoto kwa Eladia Mosquera, mama yake wa maji."

"Hapo sawa."

Pazia lilisogea. Muda wote Darlenis alikuwa akisikiliza. Lisbeth hakumwendea, wala hakumwita.

"Darlenis," alisema kutoka alipokuwa, "Jumanne nilisema neno baya. Leo nimejua si kweli. Samahani."

Mtoto alitoka nusu. "Uliandika kwamba mimi mtoro?"

"Niliandika kwamba huendi shule. Sababu sijaandika, sababu yenyewe siijui."

Darlenis alimtazama Eladia, kisha akamtazama Lisbeth. Akasema haraka, "Mwalimu alisema kila mtu alete picha ya mama yake ibandikwe ukutani, kwa ajili ya siku ya akina mama. Mimi mama wa mtoni sina picha yake. Nikileta ya mama Eladia, yule mwingine atafikiri nimemsahau. Nisipoleta, watasema sina mama. Kwa hiyo nilikuwa nakaa kituo cha vigari huko juu, navihesabu."

"Siku kumi na moja!" Eladia alijishika kichwa. "Mbona hukuniambia?"

"Ukisikia jina lake unalia. Sikutaka ulie."

Basi Eladia akalia palepale, hakuwa na la kufanya. Wanawake hawa wawili, mkubwa na mdogo, walikuwa wakifichana uchungu uleule ndani ya vyumba viwili.

Jumatatu Eladia alivaa gauni la kanisani. Kwenye ngazi aliwaza mara mbili kugeuka na kukimbia, na mara zote mbili Berenice alimshika kiwiko.

Mwanasheria alikuwa mzee mwenye miwani na sura isiyosomeka. Alimsikiliza Lisbeth akisoma zile kurasa. Lisbeth alikaa upande wa Eladia, kama alivyosema. Berenice na majirani wanne walieleza wanavyomjua mtoto na mlezi wake. Kisha mwanasheria alifungua jalada la zamani.

"Miaka sita iliyopita uliandikisha kwamba ni shangazi. Kwa nini?"

Eladia alimtazama Lisbeth. Lisbeth hakumjibia, aliitikia kwa kichwa tu kumpa moyo.

"Niliogopa, bwana. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na mwanamke aliyesema kweli. Alitoka bila mtoto."

Mwanasheria alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akamgeukia Darlenis.

"Na wewe binti, mama yako ni nani?"

"Ninao wawili," alisema Darlenis. "Mmoja tunamsubiri. Mwingine ni huyu hapa, na leo hajauza kashata kwa sababu yako."

Berenice alicheka kabla ya wote. Hata mzee alishindwa kujizuia.

Uamuzi ulitoka saa tano. Darlenis atabaki na Eladia. Karatasi za ulezi zitaanza kushughulikiwa, na Lisbeth atawatembelea kila baada ya wiki mbili. Majina ya Nelcy na mumewe yataingizwa kwenye orodha ya wanaotafutwa, jambo ambalo kwa miaka sita hakuna aliyemwambia Eladia kwamba linawezekana. Lisbeth alizungumza pia na mwalimu. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, hakuwaza tu. Aliwaambia watoto wachore kila aliyewalea, wawe wangapi. Darlenis alirudi darasani, akachora wanawake wawili ndani ya boti moja, na mwenyewe katikati, meno yote nje. Kesho yake alikwenda tena, na keshokutwa, na siku zilizofuata.

Ziara zilizoeleka. Nyingine zilikuwa za kucheka. Nyingine zilikuwa za kujaza karatasi, na kila karatasi Lisbeth aliisoma kwa sauti kabla ya Eladia kutia sahihi. Ofisini wenzake walianza kumuuliza kwa nini nyumba zake humfungulia mlango haraka. Aliwaambia, "Mimi huketi kwanza."

Mwezi wa Agosti, siku ya mvua, simu ya Eladia iliita. Ilikuwa ofisi ya wanaotafutwa. Kando ya mto, karibu na kijiji chao, yalikuwa yamepatikana makaburi yasiyo na majina. Haikujulikana ni ya nani. Waliomba mtoto apelekwe atoe mate kidogo kwa pamba, ili wapime kama mzazi wake yumo humo.

Eladia alikata simu akabaki amesimama. Darlenis alikuwa mezani, akifanya hesabu zake na kuimba. Mwezi wa Mei, Eladia angefunga mlango, angeweka kiti, angekaa kimya mpaka kimya kimuue. Sasa alitoka barazani chini ya mabati yanayopigwa na mvua, akabonyeza namba.

"Lisbeth, mwanangu. Wamepiga kutoka kule mtoni. Sijui nimwambie nini mtoto. Naogopa."

Miaka sita aliwaambia watu wa ofisi hajui, hakumbuki, hana tatizo. Neno "naogopa" alikuwa hajawahi kulipeleka kwao kwa hiari yake.

"Usimwambie usichokijua," alisema Lisbeth. "Atakachouliza, tutamjibu kile tunachokijua, wote watatu tumeketi. Leo ni siku ya ziara yetu, niko chini ya ngazi, mama. Napanda."

Eladia aliingia ndani, akaketi karibu na mwanawe, akasubiri. Mlango aliuacha wazi.